Kabla ya Kusema Salama

Kwetu Kyela mtu akiulizwa habari
hujibu salama kabla hajafikiri,
hata kama amekesha na homa,
hata kama mwizi kaondoka na baiskeli.
Salama kwanza. Mengine hufuata
baada ya kuvuta kigoda.

Hapa Timmins, mita mia tisa chini ya theluji,
neno hilo lina bei, na mwenye kulipima ni mimi.

Nasimama chini ya boliti zilizokwisha kukazwa,
si hatua moja mbele,
nauinua mtaimbo, naugonga mwamba juu ya kofia yangu.
Ngi.
Ngi.
Jiwe zima hulia hivyo, kwa sauti nyembamba,
kama rimu ya lori iliyokuwa kengele yetu ya shule.
Ngi.
Kisha: du.

Gulioni Matema mama alikigonga kila chungu
kwa kifundo cha kidole, sikio kainamisha,
muuzaji amenuna kama katukanwa.
Akikirudisha kimoja hakusema kimepasuka.
Alisema tu, "Hiki kina neno."

Du. Juu yangu pana neno.
Mwamba umejitenga na mwamba mwenzake,
katikati yao pengo lisilopitisha hata wembe.
Husemwa ngoma ikivuma sana hupasuka;
huku chini hupasuka kwanza,
ndipo ikawa ngoma.

Namwita Reijo Lahtinen kwa kuzungusha taa.
Anakuja akiburuta goti lake baya.
"Boliti za jana tu hizi, Tusa."
(Jina langu ni Tusajigwe; alilikata lienee kwenye redio.)
Namfungulia daftari la vipimo:
Jumatatu milimita mbili. Jumanne tatu. Jana sita.
Usitazame ilikofika, Reijo. Tazama inavyoharakisha.
Mbele yetu tani mia nne za mawe zinasubiri kuzolewa,
na ndani yake dhahabu ya kujaza
kikombe kimoja cha kahawa.

Naye Delphine Wabano, bila kuambiwa,
alikwisha kurudisha katapila nyuma, akazima injini,
akafungua chupa yake ya chai.
Kimya kile ndicho kilichonipa mkono wa kuandika.
Nikapuliza rangi nyekundu ukutani, nikafunga mnyororo,
na kwenye fomu, palipoulizwa kama ni salama,
nikajaza: Bado.

Jiwe halikuanguka siku hiyo.
Halikuanguka kesho yake.
Ndani ya kizimba, tukipandishwa juu, vijana walinigonga kofia:
"Kuna mtu humo?"
Meneja akaniuliza kama najua zamu moja ni pesa ngapi,
kana kwamba sikuihesabu kitandani,
usiku, senti kwa senti.

Siku ya tatu mashine inayoongozwa kutoka mbali
ilinyoosha mkono, ikachokonoa.
Likashuka bamba, upana wa jiko la mama pamoja na baraza lake.
Vumbi likatufuata hadi nyuma ya mnyororo.
Hakuna aliyepiga makofi.
Reijo alizihesabu boliti zilizopinda, akazihesabu tena,
kisha akaniomba mtaimbo,
akaanza kugonga dari iliyobaki, polepole,
akisogea nyuma hadi niliposimama,
mdomo wazi kidogo, kama mtu anayesubiri kuitwa.
Usiku huo wakaja wa wavu, wa boliti ndefu,
wa zege la kupuliza.
Gazeti la mji halikuwa na habari zetu. Lilijaa hoki.

Jumapili mama akapiga simu.
"Habari za huko?"
Nikakawia.
"Mbona umenyamaza? Kuna neno?"
Nikagonga meza ya jikoni kwa kifundo cha kidole,
hapa, na hapa, na pale pembeni penye mguu mbovu.
Akasikia, akacheka.
"Salama, mama," nikasema. "Ya leo."