Mkebe wa Bei

Nimefungua skrubu ya chini, yenye sumaku,
na kilichotoka si mafuta:
ni chai ya maziwa, nzito, iliyopoa,
na sumaku imeota ndevu za chuma.
Bunu akachungulia. "Maji yameingia."
Hilo nalijua, Bunu. Nauliza yameingia lini.

Labda Jumamosi, kwenye mkondo wa Mkanda,
tulipombeba Mwanate na uchungu wake kutoka Kizingitini,
nimekandamiza gesi mpaka mwisho,
mguu wa injini ukilia chini ya maji
kama mtu asiyetaka kusikika.

Dukani kwa Shali, mikebe miwili.
Huu wa kawaida, bei ya kitoweo cha siku mbili.
Huu wa sintetiki, bei ya —
tuache, mke wangu ana masikio.
Shali ananidondoshea kidoleni. "Sugua. Yote si yanateleza?"
Yanateleza. Hata ganda la ndizi linateleza.
Lakini kidole changu hakijawa jino la gia,
hakijasagana na mwenzake gizani
mizunguko elfu kwa dakika,
chumvi ikibisha hodi kwenye sili iliyochoka.

Basi, sili kwanza. Hakuna mafuta
yanayolinda nyumba isiyo na mlango.
Kisha ule mkebe wa bei.

Nikajaza kutoka chini, polepole,
hewa ikicheua kwenye tundu la juu
mpaka yakachungulia, safi kama asali.
Nikafunga. Nikapangusa.

Mtoto wa Mwanate ameshapewa jina.
Kwangu, wiki nzima ni mkate na chai ya rangi,
na gia inaingia bila kusema neno.