Usiku wa Tarehe Tano Aprili

Ankara niliituma Machi ishirini na saba,
Jumatano, saa nane mchana, Aberystwyth kuna mvua ya ubavu.
Pauni mia sita na arobaini:
faharasa ya kitabu cha historia ya chumvi,
kurasa mia nne, maingizo elfu mbili na ushei.
"Malipo ndani ya siku thelathini," niliandika chini
kwa herufi nzito, kama anayebisha hodi
akijua nyumbani hamna mtu.

Kazi yangu ni kuwaonyesha watu kitu kilipo.
Jina hili, ukurasa huu.
Leo fomu ya serikali inaniuliza neno moja,
nami chai imepoa mkononi:
umepata lini?

Nilipofunga ukurasa wa mwisho, macho yakiwasha?
Nilipoandika ankara?
Au siku benki itakapokohoa?

Gethin, mhasibu wangu, ofisi yake iko juu ya duka la chipsi;
hata risiti zake zinanuka siki.
"Dilys, kuna njia mbili," anasema.
"Ukifuata karatasi, ulichodai umekwisha kukipata.
Ukifuata fedha, kisichofika hakipo.
Ila shika moja. Usirukeruke."

Zamani nilifuata karatasi.
Nilikuwa kijana, niliiamini karatasi.
Kampuni ya Leeds ilinisifu kwa barua mbili,
ikasema hundi iko njiani,
na Januari nikalipa kodi ya hiyo hundi
iliyokuwa njiani.
Februari kampuni ikafa.
Ni kweli, mwaka uliofuata deni lile likafutwa,
serikali ikanirudishia changu kwa barua yenye adabu.
Lakini baridi ile nilipasha chumba kimoja,
nikalala na koti.
Nilikuwa nimelipia harufu ya mkate.

Mali bila daftari huisha bila habari,
wamesema waliosema.
Habari ya daftari bila mali
hawakuitaja.

Basi sasa nafuata fedha.
Na mwaka wa kodi, hapa kwetu, haufi Desemba na fataki;
unakufa Aprili tano, kimya, bila mtu kuvaa vizuri.
Nikakaa nao kama unavyokaa na mgonjwa.
Saa nne. Saa tano. Bahari inajitupa ukutani.
Saa sita kamili: hakuna kitu.
Saa sita na dakika kumi na nne
simu ikatetemeka juu ya meza.

Mia sita na arobaini.
Mwaka mwingine, kwa dakika kumi na nne.

Nilicheka peke yangu jikoni.
Kazi ya Februari, ankara ya Machi, fedha ya Aprili,
na kodi yake Januari, si hii ijayo, ile ya pili.
Mtu mmoja, chungu kimoja cha viazi,
ametandazwa kwenye kalenda kama shuka kambani.

Nikaandika daftarini: *imefika*.
Na kwa kuwa mkono una mazoea yake,
ukaendelea wenyewe:

Ahadi, *tazama* Ankara
Ankara, *tazama* Fedha
Fedha: iliyodaiwa, 27 Machi; iliyofika, 6 Aprili;
    siku kumi za katikati, *tazama* Mama
Kodi, *tazama* Fedha (si Ahadi)
Leeds, koti la
Mama: kupigiwa simu kila jioni,
    bila kuambiwa sababu