Matundu Manne

Nanuli kapandisha fulana jikoni kwangu, Kutaisi,
kahawa haijachemka bado,
akanionyesha barabara yake:
kutoka kitovuni kushuka, wima,
nyuzi ishirini na tatu, alizihesabu mwenyewe
mwaka ule umeme ulipokuwa ukikatika ovyo
na muuguzi akisubiri kando, kurunzi mkononi.

"Na wewe?"
Nikaonyesha yangu. Matundu manne,
kila moja dogo kama ukucha wa kidole cha mwisho.
Akainama. Akatafuta miwani.
"Haya tu?"

Haya tu.
Daktari Khatuna aliketi mbali nami, viatu kavua,
akilitazama tumbo langu ndani ya runinga,
gesi imenijaza, nimeumuka kama unga wa mkate,
na kizazi changu akakitoa kwa mlango ule ule
waliopitia Gocha na Irakli wakilia.
Ilimchukua saa tatu na ushei.
Nanuli walimmaliza kwa saa moja:
mikono miwili ndani, macho yakiona,
uvimbe mzito kama boga.

Baba alikuwa akisafisha mitungi ya mvinyo
iliyozikwa ardhini, akiingia kwa mdomo wake,
mabega yakikwaruzika, ufagio wa magome mkononi.
Mtungi ukipasuka, ndipo huchimbuliwa.
Nilidhani hiyo ndiyo tofauti yote.

Yeye: siku tisa wodini,
wiki sita bila kugusa ndoo.
Majirani walileta supu, wakafua mashuka,
Otari akajifunza kukanda mkate, akauunguza, akaurudia.
Mimi: siku ya pili niko nyumbani,
siumwi sana, isipokuwa bega,
maana gesi ile haikujua pa kutokea.
Siku ya nne Zaza akauliza, kwa upole kabisa,
kama kuna chakula.

Hakuna aliyebisha hodi.
Jeraha dogo, pole ndogo.
Nami nimesimama mbele ya kabati la bafuni
na pakiti ya pedi, nusu imebaki,
sijui nimpe nani.

Nanuli akashusha fulana.
Kahawa ilikwisha furika, ikazima moto;
hakuipangusa.
Akavuta kiti, akanisukumia.
Akaifunga aproni yangu kiunoni mwake, juu ya mshono.
"Kaa," akasema.
"Kaa wiki sita."