Slaap

Waholanzi huliita panja slaap.
Usingizi nao ni slaap.
Herufi tano, maana mbili, shuka moja.

Wietske alikuwa na miaka saba
aliposoma darasani: mtu kagongwa slaap.
Akanyosha mkono: usingizi hugongwaje?
Mwalimu akajishika kando ya jicho.
Ni hapa, alisema, kichwa kinapokutana na mto;
watu wa kale walipaita pahali pa kulalia.

Jioni akampelekea baba habari.
Gerlof, mwoka mikate wa Deventer,
ambaye saa nane za usiku, mtaa mzima ukikoroma,
alikuwa ndani ya unga hadi viwikoni,
alicheka mpaka akakohoa.
"Basi changu hakijui kazi yake."
Na kweli, kila alfajiri alirudi
na madoa meupe, moja huku, moja huku,
alipojisugua asisinzie mbele ya tanuri.

Mimi panja langu nimelipekua kamusini.
Lanitajia mahali, basi. Asili yake halisemi.

Leo Gerlof yumo jenezani, shati la Jumapili,
nywele zimechanwa upande asioupenda.
Waoshaji walileta poda. Wietske akakataa.
Amechovya kidole kwenye unga wa ngano,
ule wa kiwandani, wenye chengachenga,
akamgusa kulia,
akazunguka jeneza, akamgusa kushoto.

Palikuwa na mshipa pale, mwembamba,
uliokuwa ukigonga usiku kucha
kama mtu aliyefungiwa nje.

Kidole chake hakijaondoka.