Embry Alikosea

Tangu theluji iyeyuke, wimbo umeushika mji wa Toledo kama homa.
Kwa kinyozi upo. Kwa muuza samaki wa kukaanga upo.
Umo hata kwenye lifti ya hospitali, bila maneno, fidla tupu,
wagonjwa wanapandishwa nao ghorofa ya nne.

Shuleni ninakofagia, watoto wanauimba
wakipiga madawati kwa rula.
Nasukuma ufagio wangu mpana koridoni,
na kila wakifika kwenye kiitikio
ufagio wenyewe unapunguza mwendo.

Lucius Embry na tarumbeta ya dhahabu, anaimba kijana.
Dhahabu!
Shaba ile, iliyolehemiwa mara mbili shingoni
na fundi wa mabomba aliyedai dola tatu,
anadai mpaka leo.
Lucius Embry hakukosa noti hata moja, anaimba kijana.

Hapo ndipo ninaposimama.

Corwin Dade, mwana wa watu, sina ugomvi nawe.
Una sauti tamu, una meno, una miaka ishirini na mitatu.
Umemtoa marehemu vumbini ukamvika suti nyeupe
ambayo hai hakuwa nayo.
Lakini Embry alikosea.
Alikosea kama mtu anayeshuka ngazi gizani
akidhani kimebaki kidato kimoja:
mguu ukakanyaga hewa,
na sisi nyuma yake,
Thaddeus na piano, Wick na ngoma,
mimi na besi langu refu kama jeneza,
tukaporomoka naye, tunacheka,
tukatua mahali ambapo hapakuwapo
kabla hajateleza.

Kule Dayton, usiku bomba la joto lilipopasuka,
wasikilizaji kumi na mmoja na mbwa wa mwenye baa,
Embry alipiga amevaa glavu zilizokatwa vidole.
Noti ya juu ikampasukia mdomoni kama yai.
Mwingine angeifunika haraka, angekohoa.
Yeye akairudia.
Akairudia tena, sasa kwa makusudi, mara nne,
mpaka yai likawa mlango
na mbwa akasimama.
Mimi sikujua pa kwenda. Nikashika njia ya chini:
hatua tatu mbele, moja nyuma,
tatu mbele, moja nyuma,
kama mtu aliyesahau ufunguo nyumbani.

Sasa sikilizeni wimbo wa Dade.
Siyo makofi. Siyo wale wasichana wanaoitikia.
Chini. Chini zaidi, panapotikisa glasi kabatini:
hatua tatu mbele,
moja nyuma.

Sijui waliipata wapi. Santuri tuliitoa moja tu,
nakala mia mbili, na nusu yake ilipindika kwa jua
nyuma ya gari la Wick.
Jina langu halimo, wala silidai.
Usiku wa kwanza nililidai, nikiwa kitandani, kwa sauti,
mke wangu akaniambia nizime redio nilale.

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji.
Embry kasifiwa yuko kaburini,
hana maji, hana kata.
Tembo lake limebaki kali vilevile.
Maji wametia wengine.

Jana Renita wa darasa la nne,
yule anayetembea na viatu mkononi,
alinikuta nimeegemea ukuta wa koridoni
wimbo unatoka chumba cha walimu.
Akatazama kiatu changu kinavyogonga sakafu.
"Mzee Thurlow, mbona unakosea? Mguu wako unachelewa."
Nikamwambia, haukosei.
Kuna mtu nampisha apite kwanza.

Akaangalia koridoni, huku, na huku.
Kisha kengele ikalia,
na darasa la sita kuna mtu kamwaga maziwa.