Siku Tatu Kilimani Pugu

Simu yangu waliifungia kwenye kopo la Blue Band.
Tumsifu akabandika plasta, akaandika jina langu,
akanikabidhi shuka, nusu mche wa sabuni
na karatasi ya masharti. La kwanza: kimya.

Sikuja kwa kupenda. Aikande alinilipia
baada ya ile Alhamisi niliyolia dukani Kariakoo,
mbele ya mteja wa beringi,
nikilia huku namhesabia chenji,
na chenji ilikuwa sawa.

Basi ndiyo hii Pugu, upande wake wa juu:
ranchi yenye vigingi vingi kuliko ng'ombe,
nyasi rangi ya chai ya maziwa iliyolala,
udongo umepasuka kama kisigino changu.
Mvua za vuli zimetuma salamu tu.
Ukipanda hadi kwenye tangi la maji
unaiona Dar yote kwa mbali,
maghorofa kama meno ya mtoto, mengine bado yanaota,
na juu yake utando wa vumbi, au moshi, au pumzi zetu.
Sauti haifiki. Hilo ndilo lililonitisha.

Siku ya kwanza sikunyamaza.
Mdomo ulifungwa, kichwani duka liko wazi:
chujio la Fuso elfu kumi na nane,
mkanda wa Kenta hatuna, jaribu kwa Mpemba wa kona,
hapana bosi, hiyo ndiyo bei ya mwisho.
Nilikula ugali na mlenda nikiwa nadaiwa.
Nilioga nikiwa nadaiwa.
Kengele ikalia, tukaketi chini watu kumi na wawili,
tumefumba macho kama tunacheza kombolela:
kila mtu anahesabu,
hakuna anayekwenda kutafuta.

Mchungaji wa hapa ni wa ng'ombe kwelikweli.
Mhoja, kijana wa Maswa, katambuga miguuni.
Yeye hana masharti; hasemi
kwa sababu hana la kuniambia.
Ng'ombe wake wana namba za bluu ubavuni,
wamepumzishwa kama sisi, wiki mbili wanenepe,
kisha mnadani, kisha Vingunguti.
Nimewala miaka yote hii, mishikaki ya Ijumaa na ndimu,
sijawahi kutazamana nao machoni.

Usiku wa pili, saa nane, mlango ukagongwa.
Dirisha langu peke yake ndilo lililokuwa na taa.
Mhoja akaninyooshea tochi,
akaelekeza zizini kwa kidevu.

Namba sitini na mbili alikuwa amelala ubavu.
Miguu miwili midogo imetangulia, imekwama.
Nilishika mwanga. Mkono ukatetemeka,
mwanga ukatetemeka,
zizi zima likatetemeka.
Mhoja akafunga kamba, akavuta, akasubiri, akavuta,
na mimi niliyekatazwa kusema nikajisikia nasema
taratibu mama, taratibu, taratibu mama,
sauti ile ile niliyompa mdogo wangu
wodini, mwezi wa tatu,
na haikusaidia.

Safari hii kitu kikateleza, kikadondoka kwenye majani,
kikapiga chafya.
Mama yake akageuka, akaanza kukilamba
kama anafuta deni ubaoni.
Mhoja akajifuta mikono kwenye suruali
akasema maneno yake ya pekee kwa siku tatu:
"Basi huyu mama hauzwi Jumatatu."
Akafikiri kidogo.
"Labda Jumatatu ya mbele."

Jumapili Tumsifu alinirudishia kopo.
Ujumbe hamsini na saba. Wa kwanza:
dada, mkanda wa Kenta umeingia?
Nilikaa juu ya jiwe nje ya geti,
nikanusa viganja, bado vina zizi,
nikaandika: bado.
Nikafuta. Nikaandika: bado, njoo Jumatano.

Wa bodaboda alikuwa amechoka kusubiri.
"Ulikuja kuombewa, dada?"
Nikapanda, nikashika chuma cha nyuma.
"Hapana," nikasema. "Kushika tochi."