Korja Moja

Fomu ina mistari kumi na tisa.
Mji: Ibra. Mtaa: Manzafa.
Nyumba: arubaini na moja. Nimeiandika kwa chaki,
kibao chake kilichukuliwa na mafuriko.
Kuta: udongo, mawe, saruji.

Hapo nikasita na kalamu.
Kwetu Ng'ambo saruji ni mfuko wa karatasi,
vumbi la kijivu, bei haishikiki.
Hapa ni udongo uliochomwa kwa magogo ya mtende,
ukapondwa, ukanyweshwa maji ya falaji
hata ukawa jiwe.
Neno lilivuka bahari, likabadilishiwa kazi,
kama wengi waliovuka.

Sebule yetu ni makochi mawili na runinga.
Sabla ya hapa ilikuwa ya mtaa mzima:
zamu za maji, talaka, deni la tende,
yote yalisemwa kahawa ikizunguka.
Leo mbuzi watatu wa jirani wamekaa kikao.
Hawajaafikiana.

Bi Shinuna amekuja na ufunguo wa chuma, mrefu kama kiganja.
Lango halina kitasa.
Ameufunga tena kwenye pindo la leso.
Alizaliwa Wete, kisha akarudi
(ndivyo wasemavyo, *akarudi*)
mahali ambapo hakuwahi kufika.

"Mbona vyumba vyembamba?"
Mofizul ananishikia utepe.
Futi tisa. Futi tisa. Futi tisa na nchi mbili.
Hata cha mwenye mali.
Nikamwonesha dari.
Boriti, Mofizul. Mkoko una kimo chake.
Tajiri alipandisha ghorofa, akachonga matao,
akaandikisha aya kwa rangi nyekundu juu ya dirisha,
lakini upana wa usingizi wake
ulikatwa Rufiji, kwenye tope la kiunoni.

Boriti ya saba, chini ya masizi:
vistari vinne, cha tano kimekatiza.
Mara nne. Korja moja, imetimia.
Na pembeni, alama kama unyayo wa kunguru.
Si jina.
Aliyeiweka huenda hata unyayo wake mwenyewe
haukuwa wake.

"Mjenzi andika babu yangu," akasema Bi Shinuna,
"Muhenna bin Zahran."
Nimeandika. Mstari wa kumi na mbili.
Akainua uso, akakaa hivyo
mpaka leso ikamteleza kichwani.
"Na hiyo?"
Hesabu, bibi.
"Ya nani?"

Mofizul akaanza kukunja utepe,
taratibu, kama mtu anayeswaliwa mbele yake.

Mstari wa kumi na tisa: Maelezo mengine.
Nafasi ya maneno matano.
Nikauchora ule unyayo, vidole vitatu na kisigino.

Jumatatu fomu ikarudi kutoka ofisini Maskati:
*Alama haitambuliki. Jaza upya.*

Nimejaza upya.
Vilevile.